Mguu Uchague Kiatu, Kiatu Kisichague Mguu



Kila mwaka, siku ya Alhamisi Kuu, tunaona kanisani kitu ambacho siku nyingine hatukioni. Watu kumi na wawili huitwa mbele ya altare, huvua viatu na soksi, na Padre huinama kuwaosha miguu. Waamini wengi hutazama beseni na taulo. Sisi tunaoandika ukurasa huu wa afya, tusamehewe, tumezoea kutazama miguu yenyewe. Tunaona vidole vilivyopandana, kucha zilizogeuka nyeusi, sugu juu ya vidole vidogo, na mfupa wa kidole gumba uliotokeza kando. Wengine huzaliwa na mwelekeo wa matatizo hayo. Lakini mara nyingi ni viatu vilivyoyaleta au kuyazidisha.

Mwezi huu tunazungumzia viatu vya kukimbilia, yaani raba. Huenda msomaji akauliza: je, hilo nalo ni jambo la kuandikwa katika gazeti la jimbo, wakati kuna malaria, kuna UKIMWI, na kuna ada za shule? Nasi tungeuliza hivyohivyo, kama si habari ya mzee mmoja wa jumuiya yetu.

Mzee huyo, mkulima wa kahawa na migomba wilayani Muleba, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Daktari alimpa dawa na kumshauri afanye mazoezi. Hata sisi katika ukurasa huu tulikuwa tumeandika maneno hayo mara nyingi: tembea, kimbia polepole, toa jasho. Mzee akatii. Mwanawe anayefanya kazi mjini akamletea raba mpya za kupendeza. Zilikuwa ndogo kidogo. Mzee hakutaka kumvunja moyo mwanawe, na tena hakusikia maumivu yoyote, basi akazivaa kila asubuhi kwenda hadi kigangoni na kurudi. Kumbe hakusikia maumivu kwa sababu kisukari kilikuwa kimekwisha kuitia ganzi miguu yake. Lengelenge lilitokea, likapasuka, likawa kidonda, na kidonda kikaoza. Alipofika hospitali ilibidi akatwe vidole viwili. Raba zile ziko chini ya kitanda chake hadi leo, bado mpya.

Tunakiri kosa letu. Tulimwambia mzee akimbie, hatukumwambia avae nini. Leo tunalipa deni hilo.

SI BEI, WALA SI JINA

Maoni yetu ni haya: familia zetu zinachagua raba kwa kutazama mambo yasiyo ya lazima, yaani rangi, jina lililoandikwa ubavuni, na bei, na zinasahau lililo la lazima, yaani mguu wenyewe. Ukienda gulioni utasikia wauzaji wakitaja majina ya makampuni ya Ulaya na Marekani kwa sauti kubwa. Ni mara chache kusikia mnunuzi akisema, "Ngoja kwanza nivae vyote viwili nitembee."

Abebe Bikila wa Ethiopia anaweza kutusaidia hapa. Katika michezo ya Olimpiki ya Roma, mwaka 1960, alishinda mbio za marathoni akiwa pekupeku. Viatu alivyopata havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, basi akaviacha. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alishinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, na safari hii alivaa viatu. Watu hubishana kama Bikila anatufundisha kuvaa viatu au kutovaa. Sisi tunaona anatufundisha jambo jingine. Kiatu kisichokukaa ni heri ukiache, na ukipata kinachokukaa, kivae. Mguu ndio wenye kuamua.

JE, TUKIMBIE PEKUPEKU?

Wako wanaosema kwamba wazee wetu walikimbia pekupeku na hawakuumia, kwa hiyo viatu ni anasa ya Wazungu. Hoja hii isidharauliwe. Mwaka 2010 Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu pia vijana wa Kenya waliozoea kukimbia bila viatu. Waliona kwamba wakimbiaji wa namna hiyo mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na hivyo kishindo chao ni kidogo kuliko cha anayetua kwa kisigino. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima watu wa kabila la Daasanach, kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kwenda pekupeku, wakaona kwamba wengi wao wanapokimbia kwa mwendo wa kawaida hutua kwa kisigino. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuvua viatu peke yake kunamfanya mtu akimbie vizuri.

Zaidi ya hayo, ardhi yetu ina mambo yake. Kuna funza katika vumbi la nyumba na viwanja. Kuna minyoo ya safura, ambayo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya unyayo. Kuna misumari na vipande vya chupa, na jeraha lenye uchafu laweza kuleta pepopunda. Kwa mtu mzima, tunashauri avae viatu. Kwa mtoto ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kununua raba, tunasema asizuiwe kukimbia. Uwanja wa shule ufagiliwe na kuokotwa chupa kabla ya michezo, naye akimaliza aoshe miguu kwa maji na sabuni na kukaguliwa funza. Kumwambia mtoto akae pembeni akitazama wenzake kwa sababu hana viatu ni kumwadhibu kwa umaskini wa wazazi wake. Hilo si jambo la Kikristu.

ALAMA YA UNYAYO SAKAFUNI

Kwa miaka mingi wataalamu wa michezo walifundisha hivi: lowanisha mguu, kanyaga sakafu ya saruji, kisha tazama alama yake. Alama ikiwa imejaa, una unyayo bapa. Ikiwa nyembamba katikati, una unyayo ulioinuka. Ikiwa katikati ya hizo mbili, uko sawa. Kisha kila aina ikapewa kiatu chake. Huenda hata msomaji amewahi kufundishwa hivyo shuleni.

Leo tunajua kwamba mambo si mepesi kiasi hicho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na 2010, Joseph Knapik na wenzake waliwafuatilia maelfu ya askari wapya wa Marekani katika mafunzo yao ya kwanza. Kundi moja lilipewa raba kulingana na umbo la unyayo wa kila mmoja. Kundi jingine lilipewa raba za aina moja tu, bila kujali umbo. Idadi ya walioumia katika makundi hayo haikutofautiana kiasi cha kutia maanani. Naye Profesa Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliandika pamoja na wenzake mwaka 2015 kwamba mkimbiaji afuate kiatu ambacho mguu wake unakisikia kuwa cha raha.

Habari hii ni njema kwa maskini. Maana yake ni kwamba huhitaji mashine wala mtaalamu wa mjini kukuambia raba yako ni ipi. Mguu wako mwenyewe utakuambia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna muuzaji ajuaye kinakubana wapi.

Lakini hapa tuweke alama nyekundu. Kanuni ya kufuata raha ya mguu yamfaa mtu ambaye mguu wake bado unasikia. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi asiutegemee mguu wake kumwambia ukweli. Mzee wetu aliuamini mguu ulionyamaza. Mgonjwa kama huyo apime kwa kipimo na kwa macho ya mtu mwingine, kama tutakavyoeleza.

NAMNA YA KUPIMA

Huhitaji chombo cha gharama. Chukua kamba kavu ya mgomba, ambayo haikosekani katika kaya zetu, au uzi wowote usiovutika. Kisha fanya hivi:

(a) Pima jioni, baada ya kazi. Miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na kiatu kilichokutosha asubuhi chaweza kukubana jioni.

(b) Simama wima, usikae. Unaposimama, uzito wa mwili huurefusha na kuupanua unyayo. Mwenzako apime kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine kirefu si kidole gumba, ni kile cha pili.

(c) Pima miguu yote miwili. Kwa watu wengi miguu hailingani. Ufuate ulio mrefu.

(d) Ongeza upana wa kidole kimoja cha mkono, kisha kata kamba yako hapo. Nafasi hiyo ni ya lazima kwetu tunaoishi vilimani. Anayeshuka mteremko wa Kamachumu, au vilima vinavyouzunguka mji wa Bukoba, vidole vyake husukumwa mbele kila hatua. Bila nafasi hiyo, kucha hugonga kiatu na kugeuka nyeusi.

(e) Kanyaga karatasi na uchore mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Mchoro huo utakuonyesha upana. Watu wengi hununua kiatu kirefu mno kwa sababu tu kile cha kipimo chao ni chembamba.

Ukifika dukani au gulioni, toa soli ya ndani ikiwa inatoka, iweke chini, kisha ulaze juu yake kamba na mchoro wako. Mchoro ukimwagika pembeni, kiache kiatu hicho. Ukitosha, vaa vyote viwili pamoja na soksi utakazotumia, funga kamba, tembea, panda ngazi, ruka kidogo. Kisigino kisichomoke. Vidole viweze kuchezacheza. Usikubali kuambiwa, "Kitaachia baadaye." Kiatu cha kukimbilia kinatakiwa kikufae siku hiyohiyo.

Wala usiiamini namba iliyoandikwa. Kiatu kilekile chaweza kuandikwa 42 kwa hesabu ya bara la Ulaya, 8 kwa hesabu ya Uingereza, na 8½ au 9 kwa hesabu ya Marekani. Tena 42 ya kampuni moja si lazima ilingane na 42 ya kampuni nyingine. Kamba yako ya mgomba ni ya kweli kuliko namba hizo zote.

TUNAPONUNUA MTUMBA

Wengi wetu tunanunua mtumba, na hakuna aibu. Raba nzuri ya mtumba yaweza kuwa bora kuliko mpya iliyo dhaifu. Ila kuna mambo manne ya kukagua.

Kwanza, iweke raba juu ya meza na uitazame kwa nyuma. Ikiinama upande mmoja, imekwisha kuchukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na itakulazimisha nawe utembee kama yeye. Pili, bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli na mguu. Ikiwa ngumu kama ubao, au ikibonyea isirudi, imekufa hata kama juu inang'aa. Tatu, ikunje mbele, penye vidole. Inapaswa kukunjika hapo, si katikati. Nne, vuta soli kidogo. Raba iliyokaa miaka mingi ghalani gundi yake huisha nguvu, na soli huachia siku ya pili ya mvua.

Ukishainunua, ioshe kwa sabuni ndani na nje, uianike hadi ikauke kabisa kabla ya kuvaa, kwa ajili ya fangasi. Bukoba ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye mvua nyingi mno, na raba zetu hulowa mara kwa mara. Zikilowa, usizianike karibu na mafiga, maana joto la moto huharibu gundi na kuikausha soli. Zijaze magazeti makuukuu (si hili letu kabla hujamaliza kulisoma), uziweke penye upepo.

Wataalamu wengi husema raba huchoka baada ya kilometa kati ya 500 na 800. Anayekimbia kilometa 4 mara tatu kwa wiki hutimiza kilometa 600 kwa wiki 50, yaani karibu mwaka mzima. Baada ya hapo ziangalie tena, na kama zimechoka, ziwe za shambani.

"ATAKUA NAVYO"

Sasa tuseme na wazazi. Mnamo Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni na kuipatia Tanzania medali ya dhahabu ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Ni furaha kuona watoto wakiiga mfano kama huo. Lakini tuwatazame miguuni.

Katika mashindano ya shule moja wilayani Muleba tulimwona msichana akiongoza mbio hadi kona ya mwisho. Alivaa raba za kaka yake, zimejazwa matambara mbele. Penye kona mguu uligeuka ndani ya kiatu, kiatu kikabaki kimeelekea mbele. Alianguka na kuteguka kifundo cha mguu. Mama yake alilia akisema, "Nilimpa hizo ili asionekane hana." Hatumlaumu mama huyo. Alitenda kwa upendo. Lakini siku ile binti yake angekuwa salama zaidi akikimbia pekupeku.

Tunayo desturi ya kumnunulia mtoto kiatu kikubwa tukisema, "Atakua navyo." Nafasi ya upana wa kidole kimoja yatosha. Ikizidi hapo, mtoto hukikamata kiatu kwa kukunja vidole, hujikwaa, na kisigino hupata malengelenge. Upande wa pili, kiatu kinachobana hupinda vidole ambavyo mifupa yake bado ni laini. Miguu ya watoto hukua haraka, kwa hiyo ipimwe upya kila baada ya miezi mitatu au minne. Mama aendaye gulioni bila mtoto asikose kubeba kamba yake.

KWA WAGONJWA WA KISUKARI

Kufanya mazoezi ni lazima. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Lakini ninyi wenye kisukari, kabla ya kuanza, ombeni daktari au muuguzi akague miguu yenu, iwe Rubya, Kagondo, Ndolage, au hospitali ya mkoa Bukoba. Msitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani ukipapasa kama kuna kijiwe au msumari. Kiatu kipya kivaliwe kwa muda mfupi kwanza, kisha mguu utazamwe. Kila jioni mjukuu au mwenzi wa ndoa aangalie nyayo na kati ya vidole. Likionekana lengelenge au wekundu, usingoje liume. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

PENDEKEZO KWA JUMUIYA ZETU

Mwisho, tunatoa pendekezo. Katika nyumba nyingi kuna raba za watoto zilizobaki nzima kwa sababu mtoto alikua upesi. Ziko darini, zinaliwa na panya, na nyumba ya pili mtoto hana. Kwa nini kila jumuiya ndogondogo isiteue mama mmoja wa WAWATA au kijana mmoja wa VIWAWA wa kuzikusanya, kuziosha, kuzianika, na kuzipanga kwa urefu? Mzazi alete kamba ya mtoto wake, achukue inayolingana, na arudishe iliyokuwa ndogo. Wako watakaosema kwamba viatu vya kuvaliwa na wengine hueneza fangasi. Ni kweli, kama havioshwi. Vikioshwa na kukauka vizuri, hofu hiyo hupungua sana, na kwa vyovyote ndivyo tunavyofanya na mtumba wa mbali tusiomjua mwenyewe. Iliyokwisha kupinda isitolewe kwa mtoto mwingine. Zawadi ya kiatu kibovu si zawadi.

Katika mfano wa mwana mpotevu, baba aliagiza mwanawe avalishwe joho na pete, na pia viatu miguuni. Nasi tunapenda kuamini kwamba mzazi yule, aliyekuwa akimtazamia mwanawe siku zote, alikuwa bado anakumbuka kipimo cha mguu wake.

Tunawatakia afya njema. Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, waiteni watoto na kukata kamba.